Uzi: Langalanga (Formula 1) ifanyweje ili isisimue kutazama? Tuje na hoja, ushabiki wa timu tuuweke pembeni

Mdau wa Kona (mwanzisha uzi)

Wakuu, naleta hoja mezani. Monaco 2024, madereva kumi wa mbele walimaliza mbio kwa mpangilio uleule walioanza nao. Wa kwanza alibaki wa kwanza, wa pili akabaki wa pili, hadi wa kumi. Jambo hilo halikuwahi kutokea tangu ubingwa wa dunia uanze mwaka 1950. Charles Leclerc alistahili ushindi ule, tena pale ni kwao, na nilimfurahia. Lakini aliyekaa mbele ya runinga zaidi ya saa mbili aliona nini? Ajali kubwa mzunguko wa kwanza, bendera nyekundu, timu zikabadilisha matairi mbio zikiwa zimesimama, sharti la kutumia aina mbili za tairi likawa limetimia, na tangu hapo karibu hakuna aliyekuwa na sababu ya kuingia piti, pale gari linapobadilishwa matairi. Iliyobaki ni foleni ya mizunguko zaidi ya 70.

Huku kwetu jambo hili lina uzito wake. Mbio nyingi za Ulaya huanza saa kumi jioni kwa saa za Afrika Mashariki, muda uleule wa mechi za Jumapili za Ligi Kuu ya Uingereza. Mwenye kibanda umiza mwenye skrini mbili ukimwomba moja aweke langalanga, lazima umpe sababu. Mbio kama zile hazimpi.

Msimamo wangu niuseme mapema ili mnijibu vizuri. Idadi ya kupitana si shida yangu. Shida ni kwamba aliye nyuma, hata akiwa na kasi kubwa zaidi, hapewi nafasi ya kujaribu. Imola 2005 Michael Schumacher alianza wa 13, akapanda hadi akamfikia Fernando Alonso, akamganda mizunguko ya mwisho yote. Hakumpita. Alonso alishinda kwa tofauti ya sekunde 0.215. Hadi leo watu wanaizungumzia, kwa sababu kila kona ulidhani safari hii anapita. Hiyo ndiyo ninayoitaka: mashaka ya kweli hadi bendera ya mwisho.

Kwa hiyo kila pendekezo nitalipima kwa swali moja. Je, linamsaidia mwenye kasi ajaribu, au linachanganya tu matokeo ili yaonekane yana msisimko?

Karibuni.

Chuma cha Mbagala

Mkuu, umeanza vizuri ila mimi naona unaogopa dawa kali. Turudie hesabu: mbio zipi tunazikumbuka? Canada 2011, mvua. Jenson Button aliburuza mkia, akaingia piti mara sita, na mzunguko wa mwisho akampita Sebastian Vettel. Mbio zile zilichukua saa nne na dakika nne na sekunde zake. Brazil 2024, mvua tena: Max Verstappen alianza wa 17 akashinda, na magari mawili ya timu ya Alpine yakashika nafasi ya pili na ya tatu. Sasa kama maji ndiyo yanayoleta raha, wayaweke. Bernie Ecclestone alishapendekeza mwaka 2011 kwamba njia imwagiwe maji kwa makusudi, watu wakamwona hana akili. Uwanja wa Paul Ricard kule Ufaransa una mabomba ya kumwagia maji, wanayatumia kujaribu matairi.

La pili, wapangeni kinyume. Bingwa aanzie nyuma. Formula 2 wanafanya hivyo kwenye mbio fupi za Jumamosi, kumi wa mbele wanageuzwa, na burudani ipo.

Mdau wa Kona

Chuma, nimekusoma. Mvua ya Brazil ilisisimua kwa kuwa haikumuuliza mtu. Ilimkuta kila dereva alipo, na wengine wakachagua tairi vibaya. Ukijua kwamba saa kumi na nusu bomba litafunguliwa, wahandisi wataliweka kwenye kompyuta wiki mbili kabla, na utarudi palepale. Pia usisahau Spa 2021. Mvua ilikuwa kubwa mno, wakazunguka mizunguko michache nyuma ya gari la usalama, lile linaloongoza msafara polepole kukiwa na hatari, mbio zikasimamishwa moja kwa moja na pointi nusu zikagawiwa. Mashabiki walioloana siku nzima hawakuona hata mzunguko mmoja wa ushindani. Tatizo la magari haya ni ukungu wa maji yanayorushwa na matairi, dereva wa nyuma haoni kitu.

Kuhusu kugeuza mpangilio, kwa Formula 2 naelewa, kwa sababu vijana wale wanaonyesha vipaji ili wapande daraja. Kwenye ngazi ya juu ukimwadhibu mtu kwa kuwa na kasi, Jumamosi yake, siku ya kutafuta nafasi za kuanzia, inakufa. Kila timu itakaa kupiga hesabu ya namna ya kushindwa kwa faida.

Na historia ya majaribio ya haraka haraka si nzuri. Mwaka 2014 walitoa pointi maradufu mbio za mwisho Abu Dhabi, msimu uliofuata wakaziondoa. 2016 wakaleta mfumo wa kutafuta nafasi za kuanzia ambapo dereva anatolewa mmoja mmoja kila baada ya sekunde 90. Mbio mbili tu, Australia na Bahrain, wakaurudisha ule wa zamani. Dakika za mwisho, ambazo zilitakiwa kuwa tamu kuliko zote, njia ilikuwa tupu kwa sababu madereva walishahesabu kwamba hawana muda wa mzunguko mwingine.

Binti wa Chumbageni

Kaka Mdau, hapo kwenye "kumsaidia mwenye kasi ajaribu" ngoja nieleze kwa wanaoingia sasa, maana wengi wanadhani dereva wa nyuma ni mwoga.

Gari la langalanga linashikwa barabarani na hewa. Mabawa na sakafu vinalikandamiza chini, ndiyo maana linapita kona kwa kasi ambayo gari la kawaida lingeruka nje. Gari la mbele likishapita, hewa inabaki imevurugika. La nyuma likiingia mle linapoteza mkandamizo, tairi za mbele zinateleza, zinapata moto kupita kiasi, na dereva analazimika kujivuta nyuma azipoze. Kwa takwimu za Formula 1 wenyewe, magari ya kabla ya 2022 yalikuwa yakipoteza takriban asilimia 35 ya mkandamizo yakiwa mita 20 nyuma ya mwenzake, na asilimia 46 yakiwa mita 10. Ndiyo sababu 2022 wakabadili kila kitu, kazi kubwa ikahamishiwa kwenye sakafu, na hasara ikakadiriwa kushuka hadi asilimia 4 kwa mita 20 na 18 kwa mita 10.

Mwaka wa kwanza tuliona matunda. Baadaye timu zikatafuta kasi kwa njia zao, zikaanza tena kurusha hewa nje pembeni mwa matairi, na kufikia 2025 malalamiko yalikuwa yamerudi. Mwenye gari la kasi zaidi aliweza kumkaribia mwenzake hadi sekunde moja na nusu, halafu anakwama hapo.

DRS ilikuwa panadoli ya ugonjwa huo tangu 2011. Ukiwa ndani ya sekunde moja, bawa la nyuma linafunguka, unapata kasi, unapita kabla hata ya kufika kwenye breki. Anayepitwa hana la kufanya. Mimi sikuwahi kuipenda. Kumpita mtu kwenye njia iliyonyooka bila yeye kuweza kujibu kunaongeza namba tu.

Chuma cha Mbagala

Dada, shukrani. Hapo kwenye tairi kupata moto ndipo nilipokuwa sielewi. Kwa hiyo sheria za 2026 zinatibu au ni panadoli nyingine?

Binti wa Chumbageni

Zina mazuri mawili yasiyo na ubishi. Kwanza, gari limepunguzwa: upana kutoka mita 2 hadi mita 1.9, umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma umepungua kwa sentimita 20, na uzito wa chini ni kilo 768 badala ya 800. Bado ni zito. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 magari yalikuwa kwenye kilo 600 na dereva akiwa ndani. Lakini angalau mwelekeo umegeuka, maana kwenye njia nyembamba ukubwa wa gari ni nusu ya tatizo.

Pili, DRS imeondoka. Mabawa ya mbele na nyuma yanafunguka kwa kila gari kwenye njia zilizonyooka, awe mbele au nyuma. Faida ya anayefukuza sasa ni umeme: akiwa ndani ya sekunde moja anapewa nguvu ya ziada ya betri, naye anaamua aitumie wapi.

Ninachokitilia shaka ni huo umeme wenyewe. Mota yake imepanda kutoka kilowati 120 hadi 350, karibu nusu ya nguvu yote ya gari. Betri ikiisha katikati ya njia iliyonyooka, unayemwona anapitwa pengine hajazidiwa ujuzi, ameishiwa chaji. Kupitana kutakuwepo. Swali lako Kaka Mdau ni kama mtazamaji ataelewa kwa nini, na hilo linataka runinga ionyeshe kiasi cha chaji cha magari yote mawili yanayopigana, kwa namba kubwa, muda wote wa vita.

Mzee wa V10

Vijana, mnaongelea betri. Mimi nimeanza kufuatilia wakati Mika Häkkinen na Schumacher wanagombania ubingwa, na gari ulilisikia kabla hujaliona. Injini za V10, zile za silinda kumi, zilipoondolewa baada ya 2005 raha ya sikio ilianza kufa. 2014 zilipokuja hizi za turbo zenye umeme, ikazikwa. Mtazamaji hatumii macho peke yake.

Na warudishe kuongeza mafuta katikati ya mbio. Gari jepesi, matairi mapya, dereva anaenda kasi yake yote mzunguko hadi mzunguko. Magny-Cours, Ufaransa, 2004, Schumacher alishinda kwa kuingia piti mara nne! Leo wanaambiwa redioni "tunza tairi, tunza tairi".

Mdau wa Kona

Mzee wangu, shikamoo. Kwenye sauti nakuunga mkono mia kwa mia.

Kwenye mafuta niruhusu nikupinge kwa heshima. Enzi zile, kuanzia 1994 hadi 2009, dereva aliyekwama nyuma ya mwenzake alikuwa na njia rahisi: asihangaike barabarani, asubiri piti. Magny-Cours unayoitaja ndiyo ushahidi. Schumacher alimtangulia Alonso kwa hesabu ya Ross Brawn, mkuu wa ufundi wa Ferrari, na wenzake, barabarani hawakukutana. Ilikuwa akili kubwa, ila mtazamaji aliiona kwenye jedwali la muda. Halafu kuna hatari. Hockenheim 1994 gari la Jos Verstappen liliwaka moto pale pale piti, na Singapore 2008 Felipe Massa aliondoka na bomba likining'inia ubavuni.

Mwana wa Gilgil

Niruhusuni niongee kama mtu wa rally kutoka Kenya, kwa sababu shida ya "mashaka" sisi hatuna, tuna nyingine.

Safari Rally ilipofanyika mara ya kwanza 1953 ilipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na barabara ndiyo iliyokuwa mpinzani. Mwaka 1963 magari saba tu yalimaliza, na 1968 saba tena. Joginder Singh alishinda mara tatu, Shekhar Mehta mara tano, na kila mara swali la kwanza lilikuwa nani atafika. Iliporudi kwenye ubingwa wa dunia 2021 pale Naivasha, watu walihofia imekuwa laini kwa kuwa ni fupi. Thierry Neuville aliamka Jumapili akiongoza kwa karibu dakika nzima. Hatua ya kwanza ya asubuhi, yaani kipande cha kwanza cha barabara kinachopimwa muda, suspensheni ya gari (springi na shokabsoba) ikavunjika, safari ikaishia hapo, Sébastien Ogier akachukua. Lile vumbi la fesh-fesh, laini kama unga, linaficha jiwe na shimo kwa pamoja. Dereva haoni, anakumbuka alichoandika kwenye noti zake.

Shida yetu ni mtazamaji. Ukikaa Hell's Gate unasikia helikopta kwanza, halafu unaona wingu la vumbi linakimbia nyuma ya miti, gari linapita mbele yako sekunde chache, limeenda. Hujui limepata au limepoteza muda mpaka uangalie simu, na mtandao pale watu wakijaa huwa ni wa bahati. Anayetazama nyumbani hatua zote moja kwa moja anaelewa mbio kuliko aliyelala kwenye hema. Weka skrini kubwa na spika kila sehemu ya watazamaji, tangaza muda wa kila gari kwa Kiswahili linapotoka. Hakuna sheria ya FIA, shirikisho la mbio za magari duniani, inayohitaji kubadilishwa hapo.

Sheria walizobadilisha ndizo zilizotuumiza. 2024 waligawa pointi za Jumamosi mbali na za Jumapili ili Jumapili isilale. Rally Sweden Esapekka Lappi akashinda, lakini Elfyn Evans aliyekuwa wa pili akaondoka na pointi nyingi zaidi yake. Utamweleza nini mtoto wako? 2025 wakaurekebisha.

Mdau wa Kona

Mwana wa Gilgil, hii ya skrini na matangazo nimeipenda kuliko yote yaliyosemwa hapa, maana inagusa tunachokiona. Na langalanga nayo ina dhambi hiyo. Monaco 2021, Vettel anatoka piti ubavu kwa ubavu na Pierre Gasly, wanapanda kile kilima cha Beau Rivage magurudumu yakikaribia kugusana, nafasi moja kati ya chache za kupitana siku nzima. Mwelekezaji wa picha akakata, akatuonyesha marudio ya Lance Stroll akikanyaga ukingo. Tuliporudishwa kila kitu kimekwisha. Wakati ule picha za Monaco zilitengenezwa na watu wa pale pale. Kuanzia 2023 Formula 1 wanazitengeneza wenyewe, na mabadiliko yanaonekana.

Nasra Mgeni

Samahani wakuu, mimi nimeanza kutazama kupitia vipindi vya Netflix. Mnajadili kupitana, lakini kilichonikatisha tamaa ni kujua mshindi kabla ya mbio. 2023 Red Bull walishinda mbio 21 kati ya 22. Hata magari yapitane vipi huko nyuma, mbele kulikuwa na mtu mmoja.

Binti wa Chumbageni

Karibu sana mdogo wangu, na umegusa penyewe. Mwaka ule mbio pekee iliyowaponyoka ni Singapore, Carlos Sainz na Ferrari. Na ile ilikuwa tamu: Sainz aliacha makusudi Lando Norris awe karibu naye ili Norris apate DRS na kuwazuia Mercedes waliokuwa wanakuja kwa kasi.

Dawa ya hilo ni ya polepole. Tangu 2021 kuna kikomo cha matumizi ya kila timu kwa mwaka, kilianza dola milioni 145. Na timu iliyoshika nafasi ya kwanza inapewa muda mdogo zaidi wa kupima gari kwenye handaki la upepo kuliko ya mwisho: bingwa asilimia 70 ya kiwango, wa kumi asilimia 115. Ilichukua miaka mitatu kuonekana. 2024 madereva saba walishinda angalau mbio mbili kila mmoja. Hakuna aliyegeuziwa mpangilio, hakuna maji yaliyomwagwa.

Chuma cha Mbagala

Sawa, kwenye maji mmenishinda. Ila mnijibu Monaco. Mkataba wake umeshaongezwa hadi 2035, haiondoki. 2025 wakalazimisha kila dereva atumie seti tatu za matairi, yaani aingie piti angalau mara mbili. Hiyo imesaidia?

Mdau wa Kona

Ilileta hesabu, haikuleta mbio. Liam Lawson aliendesha taratibu kwa makusudi, akawazuia wote walio nyuma ili mwenzake Isack Hadjar apate pengo la kuingia piti mara mbili bila kupoteza nafasi. Hadjar akamaliza wa sita. Williams wakaiga wakapata pointi na magari yote mawili. George Russell alichoka kukaa nyuma ya Alex Albon, akakata kona baada ya handaki ampite, akakubali adhabu. Verstappen naye akasubiri hadi mzunguko wa mwisho kabisa ndipo akaingia piti mara ya pili, akiomba bendera nyekundu. Siwalaumu, sheria iliwafundisha hivyo.

Pale ningegusa vitu viwili. Kwanza, muda wa juu wa mzunguko: ukiendesha polepole kupita kiasi bila sababu, adhabu. Pili, na hili ni la viwanja vyote, hakuna kubadilisha matairi wakati wa bendera nyekundu. Kama 2024 wangekatazwa, walioanza na tairi gumu na walioanza na la kati wangekuwa na mipango tofauti hadi mwisho, na kila mtu angelazimika kuingia piti mbio zikiwa zinaendelea.

Na kwa viwanja vingine, changarawe ukingoni. Austria 2023 maofisa walipokea visa zaidi ya 1,200 vya magari kuvuka mstari wa ukingo wa njia, na adhabu nyingine zikatoka saa kadhaa baada ya mbio. Ulilala ukijua wa nne ni fulani, asubuhi si yeye. 2024 wakaweka ukanda wa changarawe kwenye zile kona za mwisho, na tatizo likapungua mno. Dereva akikosea anajiadhibu mwenyewe, na wewe unaona.

Mzee wa V10

Hapo kwenye bendera nyekundu nina swali. Bendera nyekundu hutokana na ajali, na ajali huacha vipande barabarani. Gari limepita juu ya vioo na chuma, tairi limechanika. Utamwambia dereva aanze tena na tairi hilo kwenye kilomita 300 kwa saa?

Mdau wa Kona

Hapana mzee wangu, usalama kwanza. Tairi lenye jeraha libadilishwe, mkaguzi wa FIA akilithibitisha, ila liwe la aina ileile na lenye umri unaokaribiana na lile lililotoka, na lisihesabiwe kuwa ametimiza sharti la kutumia aina mbili. Akitaka aina nyingine, aanzie mwisho wa mstari.

Mzee wa V10

Na mvua ikianza wakati mbio zimesimama?

Mdau wa Kona

Hapo wote waruhusiwe kuvaa ya mvua, na njia ikikauka kila mtu arudi kwenye seti aliyokuwa nayo. Binti wa Chumbageni, wewe ndiye mjuzi wa matairi: seti iliyokaa bila joto dakika arobaini inaweza kurudi kazini?

Binti wa Chumbageni

Inaweza, wanaipasha kwenye blanketi za umeme kama kawaida, na tayari leo timu huvua seti na kuirudisha baadaye. Haitakuwa na mshiko wa mwanzo, lakini wote watakuwa kwenye hali hiyo hiyo. Tatizo ninaloliona ni aliyeanza na tairi laini lililobakiza mizunguko miwili. Huyo atalazimika kuingia piti mara tu mbio zikianza tena, na atarudi akiwa wa mwisho. Mimi naona ni haki, alikuwa anaingia hata hivyo. Chuma, wewe unasemaje?